Ukienda Réunion, Panda Milimani Kwanza

Mtu wa Pwani akisikia neno kisiwa, mawazo humkimbilia kwenye mchanga mweupe, minazi na ngalawa. Kwa Réunion, picha hiyo itakupotosha. Kisiwa hiki kiko kama kilomita 700 mashariki ya Madagaska, na fukwe zake za mchanga ni chache. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mawe meusi ya volkano yanayopigwa na mawimbi mazito. Utajiri wake uko juu. Kilele cha Piton des Neiges kina mita 3,070, zaidi ya nusu ya urefu wa Kilimanjaro, na kimesimama juu ya kisiwa cha kilomita za mraba 2,512 tu, ambacho gari linaweza kukizunguka kwa siku moja. Kwa hiyo nasema mapema: kama shida yako ni bahari ya kuogelea, Nungwi na Diani zinakutosha. Réunion nenda kwa ajili ya milima na watu wake, na ufunge begi kwa safari ya namna hiyo.

Maandalizi yanaanzia kwenye karatasi. Réunion ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946. Sheria, polisi na sarafu ya yuro ni vilevile vya Paris, lakini kisiwa hakimo ndani ya eneo la Schengen, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Viza ya Schengen uliyopewa kwa safari ya Paris au Brussels haikufungulii mlango wa Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa. Unapojaza maombi kwenye ubalozi wa Ufaransa, taja Réunion waziwazi, na pasipoti ikirudi, soma maandishi ya kwenye viza yenyewe kabla hujalipia tiketi. Nilimwona kijana mmoja akitolewa pembeni kwenye foleni ya kupanda ndege kwa sababu hiyo tu, tiketi mkononi, na nyumba ya wageni ameshailipia. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, mwenyeji wako anatakiwa aende ofisi ya meya wa mji wake akuombee barua inayoitwa attestation d'accueil. Barua hiyo haitoki kwa siku moja, basi mwambie miezi kadhaa kabla. Bima ya safari, tiketi ya kurudi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Na zile zawadi tulizozoea kubeba, maembe, nyama iliyokaushwa, mche wa mlangilangi kwa shangazi, ziache nyumbani. Forodha yao ni kali sana kwa mimea na vyakula.

Kutoka kwetu, wengi hupitia Mauritius, ambako ndege ya kuvuka hadi Réunion huchukua dakika arobaini na tano hivi. Wengine hupitia Antananarivo. Usikubali kuuziwa tiketi ya kupitia Paris kabla hujauliza njia hizo mbili, maana ni kupanda hadi Ulaya kisha kushuka tena saa kumi na moja za ndege. Utatua kwenye uwanja wa Roland Garros, jina ambalo dunia inalijua kwa tenisi. Mwenyewe alikuwa rubani, mzaliwa wa Saint-Denis, 1888.

Wakati mzuri ni Mei hadi Novemba. Ndio msimu wao wa baridi na ukame, njia za milimani hukauka, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita karibu na pwani kiasi cha kuonekana ukiwa barabarani. Ukienda Oktoba, weka nafasi ya malazi ya milimani mapema kabisa, kwa sababu mwezi huo kuna mbio za Grand Raid zinazokikata kisiwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na vitanda vyote huisha. Desemba hadi Machi ni joto, mvua na vimbunga. Usivichukulie vimbunga vyao kama mvua ya masika. Kimbunga Hyacinthe cha 1980 kilimwaga zaidi ya mita sita za mvua kwenye kituo kimoja cha mlimani ndani ya siku kumi na tano, rekodi ya dunia. Serikali hutangaza tahadhari kwa rangi. Ikifika nyekundu, kila mtu abaki ndani na gari lisionekane barabarani, na wewe mgeni ni vivyo hivyo. Nunua maji, mishumaa na chakula cha siku mbili rangi ikiwa bado ya chungwa.

Malaria hakuna, lakini mbu wapo. Chikungunya, jina lililotoka katika Kimakonde baada ya ugonjwa huo kuzuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ulikipiga kisiwa hiki mwaka 2005 na 2006 hadi karibu theluthi moja ya wakazi wakaugua, na mwaka 2025 ukarudi tena. Beba dawa ya kujipaka na uipake mchana, maana mbu huyu huuma mchana. Pia usiogelee kwenye mito na madimbwi ukiwa na kidonda, kwa ajili ya homa inayoletwa na mkojo wa panya.

Mambo madogo nitayapitia upesi. Soketi zao ni za pini mbili za duara, kwa hiyo chaja ya pini tatu ya Tanzania, Kenya au Uganda itahitaji adapta. Pesa za simu za kwetu hazifanyi kazi huko. Lipa kwa kadi, na uwe na yuro taslimu za vijijini. Bei ni kubwa, kwa sababu bidhaa nyingi husafirishwa kutoka Ulaya. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja. Halafu kuna hesabu ambayo msemaji wa Kiswahili anapaswa kuifanya kichwani kila siku: Mfaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi ishirini na nne. Ukiona 14h, hiyo ni saa nane mchana, na kwa chakula saa nane mchana ni mwisho wa dunia. Jiko hufunguliwa saa sita, na ikifika saa nane limefungwa hadi jioni. Niliwahi kufika mkahawa mmoja wa milimani saa nane na nusu nikiwa nimetembea tangu alfajiri, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba hakuna kitu. Maduka mengi madogo nayo hufunga adhuhuri kwa mapumziko, na Jumapili mchana mji huwa kimya.

Sasa lugha, ambayo wengi huiogopa kuliko inavyostahili. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura hawana shida, Kifaransa wanacho. Kwa sisi wengine, neno moja litakubeba nusu ya safari: bonjour. Kuingia dukani au kupanda basi bila kulisema ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Mwenye duka atakujibu kwa baridi, nawe utadhani anakubagua, kumbe anangoja salamu. Sema "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur", subiri ujibiwe, ndipo uulize bei. Mtu usiyemfahamu mwite "vous", usimwite "tu", kama vile usivyoweza kumwambia mzee wa mtaa "mambo". Kiingereza kinasaidia kwenye hoteli kubwa, basi. Nyumbani na sokoni watu husema Kikrioli. Ukiulizwa "Koman i lé?" jibu "Lé la", na uso wa aliyekuuliza utafunguka.

Kuna lugha nyingine utakayoisikia huko Le Port, Saint-Denis na Saint-André, nayo itakufanya ugeuke: Shikomori, lugha ya Wangazija na ndugu zao, pamoja na ile ya watu wa Mayotte. Ni ndugu wa damu wa Kiswahili, na wapo wazee wa Ngazidja waliopata kuishi Unguja ambao watakujibu kwa Kiswahili safi. Salamu ya "Jeje?" hujibiwa "Ndjema". Watu hawa wamekutana na ubaguzi kisiwani, kwa hiyo usianze mazungumzo kwa kuwauliza walifikaje na wana karatasi gani. Msalimie mtu, nunua ndizi zake, mazungumzo yatakuja yenyewe.

Mwislamu msafiri atajisikia nyumbani kuliko anavyotarajia. Wafanyabiashara Waislamu kutoka Gujarati walihamia huko tangu karne ya 19, wenyeji huwaita Zarabe, na msikiti wao wa Noor-e-Islam katikati ya Saint-Denis, uliofunguliwa mwaka 1905, ni miongoni mwa mikongwe zaidi kwenye ardhi ya Ufaransa leo. Bucha za halali zipo. La kuangalia ni rougail saucisse, mchuzi wa soseji na nyanya unaouzwa kila kona. Soseji zake mara nyingi ni za nguruwe, ingawa za kuku pia zipo. Uliza kabla: "Il y a du porc?"

Vingine kula bila hofu, kwa maana chakula cha Réunion kinatufahamu. Samoussa ni sambusa yetu iliyopunguzwa ukubwa. Achard ni achari. Bonbon piment ni bajia yenye pilipili. Chakula cha kila siku ni wali, maharage au dengu, na kari ya kuku au samaki yenye binzari na thaimu, na pembeni mboga za majani zinazoitwa brèdes. Dengu za Cilaos zinalimwa humo humo milimani na zina ladha ya peke yake. Ukitaka kula vizuri kwa bei nafuu, acha mikahawa ya ufukweni. Tafuta gari la chakula lililoegeshwa kando ya barabara, camion-bar, uombe barquette ya kari. Nanasi lao dogo linaloitwa Victoria ni tamu kupindukia. Soko la Saint-Paul, la Ijumaa na Jumamosi asubuhi, lipo kando ya bahari, nalo ni mahali pazuri pa kununua vanila. Ukiishika vanila hiyo, mkumbuke Edmond Albius. Alikuwa mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili mwaka 1841 alipovumbua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Mashamba ya Madagaska, Komoro na hata yetu ya Kagera na Uganda yanatumia mkono ule ule hadi leo. Yeye alikufa maskini mwaka 1880.

Usafiri una njia mbili. Mabasi ya njano yanayoitwa Car Jaune huzunguka pwani yote kwa bei nafuu, na kwa waliozoea kupiga kelele za "shusha!" kwenye daladala, huko abiria hupiga makofi ili dereva asimame. Lakini milimani mabasi ni machache na huisha mapema, kwa hiyo mkiwa wawili au watatu, kodini gari. Kumbuka wanaendesha upande wa kulia. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na ulivyozoea, na aliye ndani ndiye mwenye haki ya kupita. Siku ya kwanza zunguka mtaani kwa nusu saa kabla ya kuingia barabara kuu. Barabara ya kupanda Cilaos ina kona zaidi ya mia nne, nyingine ni za gari moja tu, na watu hupiga honi kabla ya kukata kona. Mvua kubwa ikinyesha, mawe huanguka. Siku hiyo ahirisha.

Na sasa milima yenyewe. Katikati ya kisiwa kuna mabonde matatu makubwa ya duara yaliyozungukwa na kuta za mawe: Salazie, Cilaos na Mafate. Pamoja na vilele vyake yameingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2010. Salazie ni kijani na maporomoko ya maji. Cilaos ni mji wa baridi wenye chemchemi za maji moto. Mafate haina barabara kabisa. Watu mia kadhaa wanaishi humo, shule na maduka madogo yapo, na kila kitu huingia kwa miguu au kwa helikopta. Kama una siku tatu tu, zipeleke Mafate.

Njia nyepesi ni kuacha gari Col des Bœufs upande wa Salazie na kutembea hadi kijiji cha La Nouvelle, mwendo wa saa mbili hivi. Lala huko usiku mmoja au miwili kwenye nyumba za wageni zinazoitwa gîte. Nafasi iwekwe mapema pamoja na chakula, kwa kuwa hakuna pa kununua usiku. Jioni saa moja wageni wote hukaa meza moja, sufuria ya wali katikati, na mwenyeji atawaambia hali ya njia za kesho. Msikilizeni. Chukua viatu vyenye soli ya kushika, sweta nzito, koti la mvua, kurunzi, lita mbili za maji na yuro taslimu, maana ATM hakuna. Takataka zako toka nazo. Ukikuta kibao cha "sentier fermé", njia imefungwa, nawe rudi hata kama unawaona wengine wanapita. Namba ya dharura ni 112, ila simu haishiki kila mahali, basi mwachie mtu habari za unakokwenda.

Kanuni ya milima yote ya Réunion ni moja: alfajiri. Saa kumi na moja uwe macho. Mawingu hupanda kutoka baharini, na ikifika saa nne asubuhi hivi yameshafunika kila kitu. Wanaolala hadi saa mbili hufika kwenye ukingo wa Maïdo, mita 2,200 juu, wakapiga picha za ukungu mweupe, wakati aliyefika saa kumi na mbili ameliona bonde la Mafate lote miguuni mwake.

Volkano ya Piton de la Fournaise ni miongoni mwa zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani, mara nyingine zaidi ya mara moja kwa mwaka. Gari linafika Pas de Bellecombe, na kutoka hapo ni matembezi ya saa tano au sita kwenda na kurudi, juu ya lava tupu isiyo na kivuli hata kimoja. Ikilipuka, njia ya ndani hufungwa mara moja. Ambaye hawezi kutembea aende Piton Sainte-Rose akalione kanisa ambalo mto wa lava wa 1977 ulilizingira pande zote ukasimama mlangoni.

Kuhusu bahari nitasema kwa ukali kidogo. Papa wameua watu kadhaa tangu 2011, na tangu 2013 serikali imepiga marufuku kuogelea nje ya rasi zilizokingwa na matumbawe na nje ya maeneo yenye walinzi. Ogelea ndani ya rasi ya L'Ermitage au La Saline, tazama bendera, kaa mbali na mianya ya matumbawe ambako mkondo hukuvuta nje, na usikanyage matumbawe. Kujua kuogelea tangu utotoni Pangani au Lamu hakukupi kinga.

Jambo la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Utalisikia neno kaf, na juu ya ramani utaona uwanda wa Plaine des Cafres. Shina lake ni lile lile la kafiri, lililopita kinywani mwa Waarabu na Wareno hadi likawa jina la Mwafrika. Mwislamu akiitwa hivyo mara ya kwanza huweza kuchukia. Usichukie upesi. Wenyeji wenye asili ya Afrika hujiita wenyewe kaf, bila aibu, nao wanajua walikotoka. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa Mauritius na Bourbon. Bourbon ndilo jina la zamani la Réunion. Miongoni mwa waliotoroka mashambani, wengi walijificha kwenye yale mabonde. Mafate lenyewe limebeba jina la kiongozi mmoja wa watoro. Ukitembea humo kwa miguu, unapita walipopita watu walioibwa kwenye pwani yetu.

Muziki wao, maloya, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha yake mwaka 2009 baada ya kudharauliwa na watawala kwa miaka mingi. Chombo chake kikuu ni kisanduku bapa cha vijiti chenye mbegu ndani, kinachotikiswa kwa mikono miwili. Wanakiita kayamb. Mdigo au Mgiriama hahitaji kutafsiriwa.

Nimekushauri uende Mei hadi Novemba, na kwa milima ushauri huo unabaki. Ila kama unaweza kwenda mara moja tu maishani, na uko tayari kuvumilia joto na kufuatilia habari za vimbunga, basi panga uwepo tarehe 20 Desemba. Siku hiyo mwaka 1848 watumwa zaidi ya 60,000 wa kisiwa hicho walitangazwa kuwa huru. Ofisi hufungwa, mabasi hupungua, kwa hiyo nunua chakula na weka mafuta ya gari siku moja kabla. Jioni shuka Saint-Denis au Saint-Pierre, simama karibu na ngoma, na ukiulizwa umetoka wapi, jibu.